Irving Berlin hakujua noti. Basi nani alimtungia?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natunga nyimbo kwa kuziimba kwenye simu, kisha namwita mpiga kinanda anitafutie kodi, zile sauti zinazopigwa pamoja chini ya melodi. Noti sijui hata moja. Juzi tuligombana, akaniambia nusu ya nyimbo zangu ni zake kwa sababu asiyejua noti si mtunzi. Nikamtolea mfano wa Irving Berlin, yule mtunzi mhamiaji wa Marekani. Akacheka. Akasema Berlin alikuwa anatungiwa, yeye kazi yake kubonyeza vibonyezo vyeusi tu. Ni kweli? Na kama si kweli, mtu aliyeshuka melini hana kitu wala shule alifikaje pale alipofika?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu.

Mpiga kinanda wako ana robo ya ukweli, na robo hiyo ndiyo inayoubeba uongo wote. Berlin hakujua kusoma wala kuandika noti tangu siku ya kwanza mpaka anafariki Septemba 1989, akiwa na miaka 101. Alijaribu masomo, akayaacha upesi, akaona muda ule angekuwa ameshatoa nyimbo kadhaa. Lakini kuandika wimbo na kutunga wimbo ni kazi mbili, na ile ya pili aliifanya kwa zaidi ya nusu karne. Nyimbo zake zinakadiriwa kufika 1,500, nyingi mno kati ya hizo maneno yake na melodi yake.

Habari ya vibonyezo vyeusi ina asili yake. Alijifunza piano usiku, peke yake, kwenye baa aliyokuwa anahudumu, wateja wakishatoka. Asiye na mwalimu huangukia vibonyezo vyeusi kwa urahisi: vimeinuka, vimeachana, kidole hakitelezi kwa jirani. Ndiyo maana maisha yake yote alipiga katika kii moja (ngazi ya sauti ambamo wimbo unapigwa), F shapu, ambayo karibu sauti zake zote zimelala juu ya vyeusi. Shida ni kwamba waimbaji hawazaliwi wote na sauti ya F shapu. Basi akanunua piano yenye mtambo wa kuhamisha kii. Chini ya ubao wa vibonyezo kuna mkono mdogo wa chuma. Ukiuvuta, mtambo unasogea pembeni, nyundo zinagonga nyuzi nyingine. Wewe vidole vyako viko palepale kwenye F shapu, lakini chumba kinasikia C, au B, au chochote mwimbaji anachotaka. Piano za namna hiyo zilikuwepo kabla yake, hakuzibuni. Yeye aliibatiza yake Buick, kama gari, na moja iliyotengenezwa na Weser Brothers wa New York imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Sasa mkalishe mpiga kinanda wako, mwambie apige mstari wa kwanza wa White Christmas katika F shapu. Ni silabi nane, noti nane. Aanze na A shapu, apande B, arudi A shapu, ashuke A, apande tena A shapu, B, C, amalizie C shapu. Ahesabu. Kati ya noti nane, nne ni za vibonyezo vyeupe. Melodi ile inatambaa nusu hatua kwa nusu hatua, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na utambaaji huo haupatikani kabisa kwenye vyeusi vitupu. Vyeusi vitupu vinakupa sauti tano tu. Mtu asiyevuka hapo hawezi kutunga wimbo ule hata akilala na piano miaka kumi.

Kuhusu kutungiwa, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugomvi wenu ulipo.

Berlin aliajiri katibu wa muziki. Wa mwanzo alikuwa Cliff Hess, baadaye Arthur Johnston, na kwa miongo mingi Helmy Kresa, mzaliwa wa Ujerumani. Kazi ilikwenda hivi: Berlin anaimba au anabonyeza melodi, katibu anaiandika. Kisha inakuja zamu ya kodi (si ile ya serikali). Katibu anapiga moja. Berlin anatikisa kichwa. Anapiga nyingine. Bado. Anapiga ya tatu, Berlin anasema ndiyo hiyo. Waliofanya naye kazi walieleza kwamba alikuwa tayari anaisikia ile kodi kichwani. Hakuwa na jina lake wala vidole vya kuipata, ila ukimpigia isiyo yake anaijua papo hapo, na hakuna wa kumdanganya.

Sikio la namna hiyo lina ushahidi mwingine. Mwaka 1914, katika onyesho lake kamili la kwanza la Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, Watch Your Step, aliweka wimbo wenye melodi mbili: mmoja anaimba yake, taratibu, ya kizamani, mwingine anaimba yake, ya haraka, ya mtindo mpya wa wakati ule, halafu wanaimba zote mbili kwa pamoja na hazigongani. Wanafunzi wa muziki hukaa darasani kujifunza kufanya hivyo kwa penseli na kifutio. Yeye alifanya kichwani. Akarudia mchezo huohuo mwaka 1950, kwa ajili ya mwimbaji Ethel Merman katika onyesho la Call Me Madam, akiwa na miaka 62.

Uvumi wa kutungiwa ulianza zamani, alipovuma na Alexander's Ragtime Band mwaka 1911. Wimbo ule uliuza nakala za karatasi za noti zaidi ya milioni moja, na mara mitaa ikaanza kusema kuna kijana Mweusi amefichwa Harlem ndiye anayemwandikia. Berlin alikasirika, akawa anauliza: kama ni hivyo, huyo kijana aliandika na nyimbo zangu nyingine zote? Kijana huyo hajapatikana mpaka leo. Lipo lalamiko zito zaidi. Scott Joplin, bingwa wa ragtime, muziki wa mapigo ya kuruka-ruka, anasimuliwa kuwa alidai kipande cha melodi kilitoka katika opera yake Treemonisha, ambayo alikuwa amewapelekea wachapishaji kabla haijatoka. Hakwenda mahakamani. Mimi nimezisikiliza zote mbili mara nyingi; kufanana kupo, ni kwa kipande kifupi, na kwangu hakutoshi kumwita mtu mwizi. Lakini ragtime ilikuwa mali ya wanamuziki Weusi, na waliochuma zaidi kutokana nayo hawakuwa wao. Joplin alifariki mwaka 1917 bila kuiona opera yake ikipandishwa jukwaani inavyostahili. Hilo halikanushiki, hata kama kijana wa Harlem ni wa kubuni.

Na ukiusikiliza ule wimbo kwa makini utaona hata si ragtime hasa. Mapigo ya kuruka-ruka ni machache. Ni kama gwaride lililochangamka, lenye mlio wa tarumbeta ya jeshi ndani yake. Ujanja upo kwenye kuingia kiitikio: ubeti uko kii ya C, kiitikio kinarukia F, ukumbi mzima unahisi sakafu imeinuka.

Haya, mtu huyu alitoka wapi?

Alizaliwa Mei 11, 1888, katika Himaya ya Urusi, akaitwa Israel Beilin. Baba yake alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Kumbukumbu aliyobaki nayo ya huko, kwa masimulizi yake, ni moja tu: amelazwa juu ya blanketi kando ya njia, anatazama nyumba yao inaungua. Mwaka 1893 familia ikashuka New York, ikajibana katika vyumba vya Lower East Side. Baba akakosa sinagogi la kumwajiri kazi yake, akawa anakagua nyama ya kosher, iliyo halali kwa Wayahudi, na kufundisha watoto Kiebrania. Akafariki mwaka 1901. Izzy, ndiye huyo Israel, kitinda mimba, alikuwa na miaka 13, anauza magazeti mitaani, na vijisenti vyake havikufikia hata vya dada zake. Akaondoka nyumbani. Hakufukuzwa, aliona aibu kula asichochangia.

Akaimba mabaa ya Bowery kwa sarafu za kurushiwa. Akalipwa na mchapishaji mmoja akae kati ya watazamaji wa ukumbi wa Tony Pastor, ajifanye mteja, kisha wimbo ukishaimbwa jukwaani anyanyuke auitikie kana kwamba umemgusa roho. Mwaka 1906 akapata kazi ya kuhudumu na kuimba katika Pelham Café, Chinatown. Hapo ndipo shule yake ilipokuwa. Kazi ilimtaka achukue nyimbo zinazovuma, azigeuze maneno yawe ya kuchekesha, mara nyingi ya matusi, usiku huohuo. Ukifanya hivyo kila siku unajifunza mizani kwa masikio: silabi ngapi zinaingia, mkazo uangukie wapi, kina kipi kitawafanya walevi wapige meza.

Mwaka 1907 baa ya jirani ikajitapa kwamba wafanyakazi wake wamechapisha wimbo. Mwajiri wa Izzy hakukubali kushindwa, akamwamuru yeye na mpiga piano wa pale watoe wa kwao. Izzy akaandika maneno, mwenzake melodi. Sehemu yake katika mauzo haikufika senti 40. Alichopata ni jina: karatasi ilitoka imeandikwa I. Berlin, na inasimuliwa kuwa mchapaji ndiye aliyekosea. Akaliacha, akalitumia miaka 82.

Angalia basi: alianza kama mtu wa maneno. Melodi aliingia kwa kudanganya. Mwanariadha wa Italia, Dorando Pietri, alikuwa gumzo mwaka 1908 baada ya kuanguka karibu na utepe wa marathoni ya Olimpiki London, akanyanyuliwa na waamuzi, akanyang'anywa ushindi. Alipokuja kukimbia Marekani, mchekeshaji mmoja alimwagiza Berlin mashairi juu ya kinyozi wa Kiitaliano anayeuza kibanda chake ili aweke dau kwa Dorando, kisha Dorando anashindwa. Mchekeshaji akaingia mitini. Berlin akabeba mashairi yake hadi ofisi ya mchapishaji Ted Snyder. Meneja, Henry Waterson, akasema atatoa dola 25 kwa maneno na melodi. Berlin akajibu bila kupepesa macho kwamba melodi anayo. Hakuwa nayo. Akasukumwa chumba cha pili kwa mpangaji wa muziki amwimbie aandike, na katika hatua zile chache kati ya mlango na piano akaibuni. Waterson akalipa.

Hapo ndugu yangu ndipo ulipo wewe na simu yako. Yule mpangaji aliandika kila noti ya Dorando. Hakuna aliyesema wimbo ni wake.

Baada ya hapo Snyder alimwajiri kwa dola 25 kwa wiki pamoja na mrabaha. Mtaa wa wachapishaji wakati ule uliitwa Tin Pan Alley, kwa kelele za piano mbovu zilizosikika kama mabati yanagongwa, madirisha wazi, kila chumba na wimbo wake. Biashara ilikuwa kuuza karatasi za noti kwa watu wenye piano nyumbani. Na bidhaa iliyotoka haraka ilikuwa nyimbo za kuwaigiza watu: Mwitaliano mwenye lafudhi, Myahudi mpenda pesa, Mjerumani, Mwairishi, na ovyo kuliko wote, Mweusi wa kuchekwa. Berlin aliandika za kila namna, zikiwemo za kuwacheka watu wa kwao. Nyingine leo huwezi kuziimba mbele ya watu wenye heshima zao, na sioni sababu ya kumsafisha. Alikuwa mhamiaji anayeuza vichekesho juu ya wahamiaji kwa watoto wa wahamiaji.

Sauti ya pili, ya ndani, aliipata kwa msiba. Februari 1912 alimwoa Dorothy Goetz, wakaenda fungate Cuba, bibi arusi akarudi na homa ya matumbo. Julai akafariki. Kwa wiki nyingi Berlin hakutoa kitu. Kilichokuja baadaye, When I Lost You, ni wimbo wa taratibu usio na mzaha hata mmoja, na uliuzika vibaya sana, namaanisha uliuzika kupita kiasi. Tangu hapo alijua kwamba lugha nyepesi inaweza kubeba mzigo. Mwaka 1932 aliandika How Deep Is the Ocean, ambao karibu wote ni maswali: anaulizwa anapenda kiasi gani, naye anajibu swali kwa swali, bahari ina kina gani, anga iko juu kiasi gani. Hakuna neno ambalo mtoto wa shule ya msingi haliwezi. Jaribu kuandika hivyo uone.

Swali lako la pili, alifikaje, wengi hulijibu kwa neno kipaji. Mimi nakuambia tazama karatasi zake za mikataba.

Mwaka 1912 alikuwa tayari mbia: Waterson, Berlin & Snyder. Februari 1914 alikuwa miongoni mwa waasisi wa ASCAP, chama cha watunzi na wachapishaji kilichoundwa kudai malipo kila wimbo unapopigwa mbele ya watu. Wenye hoteli na mikahawa walipinga, wakisema wao wanauza chakula, muziki ni wa bure. Kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1917, na majaji wakaamua kwamba muziki ni sehemu ya kile mteja anacholipia hata kama hakatiwi tiketi. Mwaka 1919 Berlin akafungua kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha nyimbo zake. Mwaka 1921 yeye na Sam Harris wakafungua ukumbi wao, Music Box, wenye viti kama 1,000, mtaa wa West 45th. Mpaka leo unafanya kazi. Piga hesabu: anatunga, anachapisha, anamiliki jukwaa. Mtu anapokata tiketi kusikia wimbo wa Berlin kwenye ukumbi wa Berlin, kisha ananunua karatasi yake mlangoni, senti zote zinapita mkono uleule, mkono usiojua noti.

Alipomwoa Ellin Mackay Januari 1926, binti wa tajiri wa simu za maandishi aliyempinga mkwe huyu Myahudi wa mitaani kwa nguvu zake zote, zawadi ya harusi ilikuwa hakimiliki ya wimbo wake Always. Hakumpa pete tu. Alimpa mrabaha, na hiyo si zawadi ya mtu aliyeghafilika na hesabu.

Umiliki ulimfanya mkali mpaka kupitiliza. Jarida la vichekesho la Mad liliandika maneno ya mzaha yaimbwe kwa melodi maarufu. Berlin na wachapishaji wengine wakashtaki. Mwaka 1964 mahakama ya rufaa ikawakatalia, na ikasema kwa kejeli kwamba hata mtunzi mashuhuri kama Berlin hawezi kudai mizani ya ushairi kuwa mali yake. Nikikumbuka alivyoanza, kugeuza nyimbo za watu maneno pale Pelham Café, nacheka kila mara.

Kitu kingine alichomiliki ni kumbukumbu. Wimbo ulioshindwa hakuutupa, aliuweka sandukuni. Mwaka 1917 alitoa wimbo wa kumtaka msichana atabasamu aonyeshe kidimbwi cha shavu, ukafa. Mwaka 1933 akaichomoa melodi, akaivisha maneno mapya, ikawa Easter Parade, katika onyesho la As Thousands Cheer. (Onyesho hilohilo, lililopangwa kama kurasa za gazeti, ndimo Ethel Waters aliposimama kuimba Supper Time, mke anayepanga meza ya chakula cha jioni huku akijua mumewe ameuawa na kundi la wabaguzi. Watu walikuja kucheka, wakakuta hilo.)

God Bless America nao ni wa sandukuni. Alipokuwa askari kambi ya Upton mwaka 1918, mwaka aliopata uraia, aliutunga kwa ajili ya onyesho la wanajeshi akauona mzito mno, akauacha. Mwaka 1938, Ulaya ikinuka vita, mwimbaji Kate Smith alipotaka wimbo wa redio kwa kumbukumbu ya kumalizika kwa vita vya kwanza, akaufungua. Kulikuwa na mstari wa kuomba nchi iongozwe upande wa kulia, maana yake njia iliyonyooka. Miaka 20 baadaye neno kulia lilikuwa limeshakuwa la siasa. Akalibadilisha, ikawa iongozwe katikati ya usiku kwa mwanga utokao juu. Mkazo uleule, kina kilekile, maana imetulia. Wabaguzi walilalamika kwamba Myahudi mhamiaji hana haki ya kuiombea nchi hiyo baraka. Mrabaha wa wimbo huo aliuelekeza kwa maskauti, wavulana na wasichana, tangu 1940.

Huyo ni mtu anayerekebisha neno moja baada ya miaka 20. Anayedhani alikuwa anapokea nyimbo zilizokwisha kutungwa aniambie na marekebisho hayo nani alikuwa anamfanyia.

Miaka ya vita sitaichambua. Onyesho lake la askari, This Is the Army, lilizunguka kuanzia 1942 hadi 1945, likakusanya karibu dola milioni 10 kwa ajili ya familia za askari, na Berlin alisisitiza askari Weusi wawemo katika kikosi chake ilhali jeshi lenyewe lilikuwa linawatenga. White Christmas ulitoka katika filamu mwaka huohuo wa 1942, na kwenye sherehe za Oscar yeye mwenyewe ndiye aliyepewa bahasha ya wimbo bora aifungue, akakuta jina lake. Wimbo wa Krismasi wa mtu asiyesherehekea Krismasi kwa imani yake, na ambaye Krismasi ya mwaka 1928 alimpoteza mwanawe wa kiume mchanga. Rekodi ya Bing Crosby inahesabiwa kuwa imeuza nakala milioni 50.

Baada ya mtunzi Jerome Kern kufariki Novemba 1945, waandaaji Rodgers na Hammerstein walimwomba achukue nafasi yake katika onyesho la Annie Get Your Gun. Akasitasita, akaona hadithi ya watu wa mashambani si yake. Wakampa maandishi akae nayo mwishoni mwa wiki. Akarudi na nyimbo kadhaa zimeiva. Wakati wa kuwapigia tena, mmoja ukakosekana. Wakamuuliza uko wapi. Akasema ameutoa, kwa sababu mara ya mwisho alitazama uso wa Rodgers akaona hakuupenda. Rodgers akaapa kwamba alikuwa anafikiria tu. Ikabidi ofisi ipekuliwe, karatasi ikapatikana chini ya kitabu cha namba za simu. Ulikuwa There's No Business Like Show Business.

Hofu hiyo ya kutazama nyuso hakuiacha. Onyesho lake la mwisho, Mr. President la 1962, lilipondwa na wakosoaji, naye akajifungia nyumbani karibu miaka 27 iliyobaki. Aliishi mpaka Alexander's Ragtime Band ukaisha muda wa hakimiliki, mwisho wa mwaka 1986, ukawa wa kila mtu akiwa bado hai anapumua. Watunzi waliofikishwa na umri hapo ni wa kuhesabu.

Turudi kwenu wawili. Makatibu wa Berlin walilipwa mshahara kwa kazi ya kuandika na kutafuta kodi, na walijua hivyo tangu asubuhi ya kwanza. Lakini tazama pia karatasi zake za mwanzo: pale Ted Snyder alipoleta melodi, jina la Snyder lipo. Kwa hiyo msikilizeni wimbo mmoja mmoja. Kama mwenzako alikupigia kodi mpaka ukasema ndiyo hiyo, mlipe ujira wake, utunzi ni wako. Kama kuna mahali yeye ndiye aliyeleta mstari wa melodi unaoimbwa, au alikuvusha kwenye kiitikio ulipokwama, mwandike na mgawane. Sheria ya mahali ulipo ndiyo ya mwisho, itazame kabla hujatia sahihi. Hayo yote mngeyapanga kabla hajakaa kwenye kinanda. Mwambie sasa, kabla ya wimbo unaofuata, na mwandikiane.

Ile rekodi ya kwanza kwenye simu, unayoimba bila ala huku unakosea maneno, usiifute. Ina tarehe.